Ngozi Iliyoshonwa Tumboni mwa Mke Wangu

Kazi yangu ni kuinua watu. Saa moja asubuhi huwa nimeshaingia katika nyumba ya mzee mmoja huko Riverdale Park, hapa Marekani, mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni enzi za ujana wake na hajakiacha mpaka leo. Namgeuza, namkalisha, namwogesha, namvalisha soksi, nampikia uji. Kiswahili chake ni cha vitabuni, kimenyooka kuliko changu, na mimi niliyezaliwa magharibi mwa Kenya hujikuta nikisahihishwa na mtu ambaye nimetoka kumpaka mafuta miguuni. Nayasema haya mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba mimi ni mwanamume asiyejua jiko linawashwa vipi. Nalijua jiko. Nalipwa mshahara kwa kulijua.

Mke wangu naye alikuwa akifanya kazi hiyohiyo, ila yeye katika nyumba kubwa ya kutunzia wazee, ambako mtu mmoja anapewa wagonjwa wa watu wawili. Alipasuliwa kuondolewa uvimbe wa kizazi, akapumzika wiki chache, akarudi kazini. Kovu lilikuwa limepona vizuri kwa nje. Kumbe ndani misuli haikuwa imeshikana sawasawa. Chini ya kitovu kikaanza kutokeza kitu, kwanza kama ndimu, baadaye kama chungwa, na jioni akitoka kuinua wazee wa watu, kilikuwa cha kushikwa kwa mikono miwili. Henia. Matumbo yalikuwa yamepata mlango, na mlango ule ulikuwa ukizidi kupanuka.

Mara ya kwanza walimwekea wavu wa plastiki. Wengi huwekewa wavu huo na wakaishi nao bila kuukumbuka. Wake uliingiwa na wadudu. Homa ikaja, usaha ukafuata, wavu ukatolewa vipande vipande, na tumbo likabaki wazi kuliko mwanzo. Siku tuliyoambiwa hayo, mimi nilishindwa kutia ufunguo kwenye gari. Yeye mgonjwa ndiye aliyenituliza mimi mzima. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema. "Lete hiyo funguo."

Daktari mpasuaji aliyetupokea baada ya hapo alikuwa mwanamke mfupi, mpole mno, na upole wake uliniudhi. Mimi namwamini daktari mwenye haraka. Mwenye upole huwa ana jambo. Alituchorea tumbo kwenye karatasi. Akasema mahali palipowahi kuwa na wadudu hapafai kuwekwa plastiki tena, kwa hiyo angetumia ngozi. Ngozi ya nguruwe, iliyosafishwa mpaka kila chembe hai ikatoka, zikabaki zile nyuzi zake tu. Angeishona nyuma ya misuli, na kwa miezi mingi mwili wa mke wangu ungeingia ndani ya nyuzi zile kidogo kidogo na kuzifanya zake.

Mke wangu akanigeukia. "Mimi hata Krismasi sikulangi nguruwe," akasema kwa lugha yetu ya nyumbani. "Sasa huyu anaingia bila hata kupikwa?"

Daktari akataka kujua amesema nini. Nikasema amekubali.

Usiku ule hakulala kwa mawazo ya ngozi ile, nikamweleza kwa namna aliyoielewa zaidi. Nilimwambia akumbuke tulivyojenga nyumba za udongo. Unasimamisha nguzo, unafunga fito, na nyumba inasimama ikiwa mifupa mitupu. Halafu watu wanakandika. Ngozi hii ni fito, nikasema, na mwenye kukandika ni mwili wako mwenyewe. Akasema kwamba fito zisiguswe basi kabla udongo haujakauka. Hakuna daktari aliyetueleza vizuri kuliko hivyo.

Ila daktari alikuwa amesema jambo jingine, na hilo ndilo nililolibeba. Hakutoa ahadi. Alisema ngozi hizi wakati mwingine hulegea, wakati mwingine huachia pembeni, na kwamba wiki kumi na mbili za mwanzo ndizo za kuombea. Mke wangu asiinue kitu kizito kuliko galoni ya maziwa. Asisukume, asivute, asikaze tumbo kwa lolote. "Ikishindwa hii," akasema, "sitakuwa na haraka ya kufungua tena. Kila nikifungua tumbo hili nakuta nyama kidogo zaidi ya kushonea." Maana yake tuliielewa. Ngozi ile isiposhika, mke wangu angeishi na tumbo lake mkononi mpaka mwisho wa siku zake, kazi yake ingekuwa imekwisha, na siku moja utumbo ungeweza kubanwa pale mlangoni na kumuua.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Nilikaa kwenye kiti cha kitambaa cha kijivu, mikono mapajani. Wauguzi walipita na glavu zao na mimi nilijua kila walichokuwa wakienda kufanya, nikajua hata yupi amechoka na yupi anajifanya. Hakuna aliyenihitaji. Nilisimama mara moja kumsaidia mwanamke aliyekuwa akishindwa kusukuma kiti cha magurudumu cha mama yake, akanishukuru, nikarudi kuketi, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi kupata cha kufanya.

Alirudi nyumbani na mipira miwili ikitoka ubavuni, na mwisho wa kila mpira kibuyu kidogo cha plastiki kinachokusanya maji mekundu. Tunakaa Hyattsville, ghorofa ya tatu, na ngazi zile tulizipanda kwa dakika ishirini. Kuanzia hapo maisha yangu yakawa ya vibuyu. Nilivimwaga asubuhi na jioni, nikapima, nikaandika. Nilimfunga ule mkanda mpana wa tumbo, nikamfungua, nikaangalia kovu kwa tochi ya simu kana kwamba kwa kuangalia sana ningeweza kuona ngozi ya nguruwe huko ndani ikiamua kukaa au kuondoka. Huwezi kuona. Hilo ndilo lililonitesa. Jambo lote lilikuwa likitendeka upana wa vidole viwili kutoka kwenye macho yangu, na mimi sina habari.

Nilipika pia. Kila siku, wiki tano mfululizo, nilipika mimi. Yeye alikaa kwenye kile kiti cha kuegemea nyuma, karibu na mlango wa jikoni, akitoa hukumu.

"Hii ni ugali ama ni simiti?"

"Kula, mama."

"Naogopa hiyo nguruwe ndani itashtuka."

Tulicheka, naye akashika tumbo kwa mto ili asicheke sana. Yule mwalimu wangu wa Riverdale Park aliniuliza asubuhi moja, kwa ule unyoofu wake, "Je, ni nani ampikiaye mkeo?" Nikamjibu ni mimi mwenyewe. "Vyema sana," akasema. "Wewe ni mume wa kupigiwa mfano." Nilitembea siku ile nzima kichwa juu.

Mipira ikatolewa. Daktari akabonyeza hapa na pale akasema anapenda anachokihisi. Wiki ya sita ikaingia.

Jumamosi ya wiki ile nikapigiwa simu kutoka Sterling, mji wanakokaa wengi wa kwetu. Wazee wa kwetu walikuwa wamekaa wakaona ni aibu mgonjwa kutimiza wiki tano hajaonwa, basi wangekuja kesho yake mchana. Wanaume wanne. Wake zao walikuwa kazini, maana Jumapili ndiyo siku wauguzi wetu wanapopata saa nyingi. Aliyewaongoza alikuwa mzee ambaye mimi namwita baba. Si baba yangu wa kunizaa, lakini nilipokwenda kuposa, baba yangu alikuwa ameshafariki, na huyu ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba na kusema maneno yote yanayosemwa. Kwa mke wangu, yule ni baba mkwe kamili. Na kwetu, mke wa mwana hajinyooshi kitini mbele ya baba mkwe, wala habari za tumbo lake hazitajwi mbele yake. Wazee walijua kwamba mke wangu alipasuliwa. Alichopasuliwa, na galoni ya maziwa, na wiki kumi na mbili, hakuna aliyewaambia. Ningewaambia nini? Ningeanzia wapi?

Nilipanga kusonga ugali kabla hawajafika, niufunike, mambo yaishe. Lakini mwenzangu wa kunipokea zamu alichelewa, na mzee wa Riverdale Park haachwi peke yake. Nilipoegesha gari, wao walikuwa wameshaegesha la kwao. Tulipanda ngazi pamoja. Mmoja amebeba sufuria ya kuku ambao mke wa yule mzee aliyewaongoza alikuwa amewapika alfajiri kabla ya kwenda zamu. Ugali hawakubeba. Ugali haubebwi, unasongwa unapoliwa.

Mke wangu alisikia sauti ya baba mkwe tangu ngazini. Tulipoingia alikuwa ameshatoka kwenye kiti, amejifunga leso juu ya mkanda, anatabasamu. Akasalimia kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akapokea pole zote. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," mzee akasema, wote wakaitikia. Wakaketi. Yeye hakuwa na pa kuketi, kwa sababu kiti pekee alichoweza kukikalia ni kile cha kujinyoosha. Akajiondoa taratibu. Nilidhani amekwenda chumbani.

Kisha nikasikia maji yakiingia kwenye sufuria.

"Mama watoto," nikaita, "pumzika, mimi nitafanya."

"Ongea na wazazi, baba watoto," akajibu kutoka jikoni. "Mimi naangalia tu maji."

Mzee alikuwa akieleza jinsi barabara ya kwetu ilivyotiwa lami mpaka sokoni, na jinsi mvua moja ilivyoibeba lami yote. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia. Maji yakachemka, nikasikia mfuko wa unga ukikung'utwa. Nikainuka nusu.

"Keti, kijana," mzee akasema. Nina miaka hamsini na miwili. "Unakimbilia wapi na wageni wako hapa? Mama akishika mwiko ujue amepona. Kukaa ndiyo inaua mgonjwa."

Wakacheka tena. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akimsifu mke wangu. Nikaketi.

Anayejua ugali atajua nilichokuwa nikisikiliza. Mwanzoni mwiko huenda mwepesi, ni uji tu. Unga ukiongezwa, mwiko unaanza kushika. Baadaye sufuria inagonga juu ya jiko, kwa sababu msongaji hana tena budi kuibana kwa mkono mmoja na kushindilia kwa mwingine, na ugali wa watu sita hausongwi kwa mkono, unasongwa kwa tumbo. Kila sufuria ilipogonga, mimi nilihisi mahali palepale, chini ya kitovu changu. Kutoka kwenye kochi mpaka jikoni ni hatua nane. Siku ile nilikuwa nimeshamwinua mzee wa watu mara nne, nimempikia mara mbili, nimemfutia mdomo. Na sikuweza kuvuka sebule yangu mwenyewe. Sijui niseme nini zaidi. Nilikuwa nikiogopa kuonekana na wanaume wanne nikishika mwiko wakati mke wangu amesimama karibu. Ndicho nilichokuwa nikiogopa, na naona haya kukiandika.

Sufuria ikanyamaza ghafla, mapema kidogo. Halafu ikaendelea.

Akaleta ugali umegeuzwa kwenye sinia, mviringo, hauna ufa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mzee akaubonyeza kwa kidole akasema huyu mama amerudi, huyu amepona, tumshukuru Mungu, na akaomba kwa muda mrefu. Mke wangu akaitikia amina akiwa ameshikilia fremu ya mlango. Nilikula. Ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe. Walipoondoka alilala kwa ubavu mpaka jioni akasema amechoka tu.

Zilipita siku tisa ndipo nikajua. Alikuwa ameanza kujifunga mkanda mwenyewe, akisema ana nguvu sasa, na mimi nikafurahia hilo kama mjinga. Siku ya tisa nilimkuta ametoka kuoga, mkanda uko kitandani, na upande wa kushoto wa kovu kitu kimetokeza kama ndimu.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Usianze."

"Tangu lini, mama?"

Akaketi pembeni mwa kitanda. "Jumapili ile. Nikishindilia. Nilisikia kitu imeachia, kama pindo la nguo."

"Sasa kwa nini hukuniita?"

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa akiuliza kwa kweli.

"Ungekuja?"

 Nikachukua mkanda nikaanza kumfunga, na yeye akainua mikono ili niupitishe nyuma.

Wakampiga picha kwenye lile jitu la mashine la mviringo, na Alhamisi tukaitwa kwa yule daktari mpole. Akatugeuzia kioo cha kompyuta. Hata mimi niliona. Ile ngozi ilikuwa imeshika vizuri upande wote wa kulia, nyama ya mke wangu imeingia ndani yake, imekubali. Kushoto, mshono ulikuwa umekatika na pembe yake imejikunja, na utumbo umeshapita. Alisema mwili ulikuwa ukifanya kazi nzuri. Alilisema hilo mara mbili. Akasema hatafungua tena mwaka huu, na mwaka ujao pia hajui. Tutaishi na mkanda, tutaangalia, na maumivu makali yakija na kutapika tukimbie bila kungoja asubuhi. Kuhusu kazi ya kuinua wazee, akatikisa kichwa tu.

Mke wangu alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, kama mtu aliye kanisani.

Daktari akavuta kibao cha kuandikia. Akasema anahitaji kujua kilichotokea, si kwa kulaumu, bali kwa sababu mshono haukatiki hivi wenyewe. Je, aliinua kitu? Alianguka? Alisukuma kitu kizito?

Sasa, nikajiambia. Sema sasa.

"Nilikohoa," mke wangu akasema.

Daktari akaacha kuandika. "Ulikohoa tu?"

"Sana. Jumapili mchana. Nilipaliwa na maji." Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka, hakina hata kigugumizi. "Nilikohoa sana nikasikia kitu kimeachia."

Daktari akamwangalia kwa muda, kisha akanigeukia mimi. Aliniuliza kwa upole uleule, nami nikaona kwamba haukuwa na jambo ndani yake siku zote zile, ulikuwa upole tu.

"Na wewe, ulikuwepo?"

Mke wangu hakunitazama. Alikuwa akifunga zipu ya mkoba iliyokuwa imeshafungwa.

"Ndiyo, daktari," nikasema. "Nilikuwepo."

Akaandika.